Namna Wakazi wa Mtaa Wanavyoweza Kuulinda Mtaro Wao Usigeuke Jalala

Mto Msimbazi huanzia katika vilima vya Pugu na Kisarawe, hukata katikati ya Dar es Salaam kupitia Vingunguti, Kigogo na Jangwani, kisha humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi karibu na daraja la Selander. Njiani hupokea maji ya mito midogo kama Sinza na Luhanga, na kila mto mdogo hupokea maji ya mitaro inayopita mbele ya nyumba za watu. Kwa hiyo taka zinazolundikana Jangwani baada ya mvua kubwa hazikutupwa zote Jangwani. Nyingi zilitupwa mbali na hapo, na mtu ambaye hata hajui kwamba mtaro wa nyumbani kwake unaishia huko. Wahenga walisema mchuma janga hula na wa kwao, lakini katika bonde hili anayekula janga mara nyingi ni mgeni kabisa kwa aliyelichuma.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inampa kila mtu anayeishi Tanzania haki ya kuishi katika mazingira safi na salama, na papo hapo inamtwika wajibu wa kuyalinda na kutoa taarifa anapoona yanaharibiwa. Wajibu huo ni wa wote, na hapo ndipo ugumu unapoanza, kwa sababu wajibu wa wote usipogawanywa kwa majina, kwa siku na kwa vipande vya ardhi, kila mmoja humsubiri mwenzake aanze. Mwongozo huu unaeleza namna ya kuugawa. Umeandikwa kwa kuufikiria mtaa wa Dar es Salaam wenye nyumba zilizosongamana na mtaro mmoja mkubwa, ingawa sehemu yake kubwa inaweza kufuatwa Mwanza, Tanga, Mombasa au Bujumbura.

Kuutembea mtaro kwanza

Kabla ya kuitisha mkutano wowote, watu wanne au watano wautembee mtaro mzima wakati wa kiangazi, kuanzia mahali unapoingia mtaani hadi unapotokea. Miongoni mwao awemo mjumbe wa eneo, mama lishe mmoja anayefanya kazi kando ya mtaro, na kijana anayeokota chupa, maana huyo anajua vizuri kuliko kiongozi yeyote taka zinakotoka na saa zinapotupwa. Wabebe daftari na simu ya kupigia picha. Kila kwenye kalvati, yaani mahali mtaro unapopita chini ya barabara au njia, wasimame na kuandika mambo manne: mahali penyewe, aina ya taka zilizopo, maji yanapotuama, na bomba lolote la bafuni au chooni linaloingia mtaroni.

Ni vyema kuichunguza kwa utulivu kalvati moja iliyoziba. Mara nyingi utakuta kwanza tawi au kipande cha chandarua kikuukuu kilichonasa kwenye nondo. Nyuma yake zimegandamana nepi za watoto zilizovimba kwa maji, matambara, na vile vifuko laini vya karanga na barafu. Chupa za plastiki zimeelea juu, na chini ya vyote hivyo kuna tope zito la mchanga uliochanganyika na makapi ya jikoni. Watu wengi huzilaumu chupa kwa kuwa ndizo zinazoonekana, lakini kinachoifunga kalvati ni nepi, nguo na mchanga. Na mchanga huo, kwa sehemu kubwa, ni wa ujenzi: umemwagwa barabarani na lori, ukakaa wiki kadhaa ukimsubiri fundi, kisha mvua moja ikaushusha wote mtaroni. Mtaa unaoagiza kila mwenye ujenzi azungushie mchanga wake matofali na kuufunika kwa turubai utakuwa umeuondolea mtaro mzigo mkubwa kuliko kampeni yoyote ya kuokota chupa.

Orodha hiyo isiandikwe kwa nia ya kumshtaki mtu. Ikisomwa mkutanoni kwa kutaja majina ya wenye nyumba, mkutano utageuka ugomvi na hakuna atakayekumbuka kilichowakusanya. Itajeni kalvati, msimtaje jirani.

Kugawana kwa majina

Katika mkutano wa wakazi, mtaro ugawanywe vipande kutoka kalvati moja hadi nyingine, na kila kipande kiwe cha nyumba zinazopakana nacho chini ya mjumbe wao. Orodha ya nyumba na vipande ibandikwe katika ofisi ya serikali ya mtaa, ambapo kila mtu ataiona. Sheria ya mwaka 2004 inatambua usimamizi wa mazingira katika ngazi za chini za serikali, ikiwemo kata, kijiji na mtaa, kwa hiyo shughuli hii ipite kwa mwenyekiti na mtendaji wa mtaa tangu mwanzo, isije ikaonekana ni kundi la watu wachache waliojipa madaraka.

Jambo linalohitaji uangalifu zaidi ni nyumba za kupanga. Katika nyumba yenye vyumba sita na familia sita, mara nyingi mwenye nyumba anaishi kwingine na wapangaji hawauoni mtaro kuwa wao. Mgawanyo unaofaa ni huu: mwenye nyumba awajibike kwa vitu vya kudumu, yaani choo, shimo la majitaka, kijitaro cha uani na ndoo za taka, wapangaji wawajibike kwa kazi za kila siku, yaani kuchambua taka, kulipa ada ya uzoaji na kushika zamu ya kufagia. Zamu hizo ziandikwe kwenye karatasi na kubandikwa ukumbini. Wazee na wagonjwa wasipewe koleo. Wanaweza kutunza daftari, na mara nyingi hulitunza vizuri kuliko vijana.

Mtaa usijitungie faini zake wenyewe. Faini halali ni zile zilizomo katika sheria ndogo za halmashauri, na mtendaji anaweza kuzisoma mkutanoni ili kila mtu azifahamu. Anayekosea mara ya kwanza aendewe nyumbani na watu wawili wanaomheshimu, waanze kwa salamu kama ilivyo desturi: “Shikamoo, mama. Tumekuja kuhusu kile kipande chetu cha mtaro. Tumeona maji ya jikoni yanashuka na makapi, tukaona tuzungumze kabla mvua haijaanza.” Maneno kama hayo humwachia mtu heshima yake, naye hupata nafasi ya kujirekebisha bila kuaibishwa.

Kuchambua taka jikoni

Hapa ndipo kazi kubwa ilipo, na ndipo ningependa kila msomaji akae muda mrefu zaidi. Katika miji yetu zaidi ya nusu ya uzito wa taka za nyumbani ni vitu vinavyooza: maganda ya ndizi na viazi, mabaki ya ugali, mabua ya mchicha, makapi ya nazi. Vitu hivi vinapochanganywa na plastiki na karatasi katika kiroba kimoja, kiroba chote hunuka na kutoa maji machafu baada ya siku mbili, na mtu ambaye gari la taka halijampitia hawezi kuendelea kukaa nacho uani. Hapo ndipo kiroba kinapotupwa mtaroni usiku. Zikitenganishwa taka zinazooza, zile zinazobaki huwa kavu, hazinuki, na zinaweza kumsubiri mzoaji hata wiki nzima bila kumkera mtu.

Vyombo viwili vinatosha. Ndoo yenye mfuniko iwe ya taka zinazooza, na ndani yake yanyunyizwe majivu au vumbi la mbao ili kupunguza maji na nzi. Kiroba cha salfeti kiwe cha vitu vikavu. Chupa za plastiki, makopo na maboksi viwekwe pembeni, kwa kuwa vinauzwa kwa kilo, na waokota chupa wakikuta vimetengwa hawatakuwa na sababu ya kupasua viroba kuvitafuta. Watu hawa wanafanya kazi ambayo mtaa mzima unanufaika nayo bila kuilipia. Wasalimiwe, wajulikane kwa majina, na wapewe siku yao ya kupita.

Taka zinazooza zina njia kadhaa. Wafugaji wa ng'ombe, mbuzi na nguruwe huchukua maganda. Wengine hulea funza wa kulisha kuku. Palipo na nafasi hata ndogo, kwa mfano katika uwanja wa shule au kando ya ofisi ya mtaa, mnaweza kutengeneza mboji. Tengenezeni boksi la mabanzi lenye upana, urefu na kimo cha karibu mita moja, lenye mianya ya kupitisha hewa. Wekeni tabaka la majani makavu au maboksi yaliyochanwachanwa, juu yake tabaka la taka mbichi za jikoni, kisha udongo kidogo, na mrudie hivyo hadi boksi lijae. Ukishika konzi moja na kuikamua, mkono uloane bila maji kudondoka. Likiwa kavu nyunyizeni maji, likiwa limeloa mno ongezeni majani makavu. Lipinduliwe mara moja kwa wiki. Katika joto la pwani mboji hukomaa kwa muda wa miezi miwili hadi mitatu, na utaijua kwa rangi yake nyeusi na harufu ya udongo baada ya mvua. Nyama, samaki na mafuta visiwekwe humo, kwa sababu huita panya.

Nepi na pedi zifungwe vizuri na kuwekwa kwenye kiroba cha taka kavu. Kamwe zisitumbukizwe chooni, maana hujaza shimo na kuziba bomba la gari linapokuja kunyonya. Sindano za wagonjwa wa kisukari zitiwe katika chupa ngumu yenye kifuniko, na zahanati ya karibu iulizwe namna ya kuzipokea.

Kuhusu kuchoma: msichome. Plastiki inayoungua katika moto mdogo wa uani hutoa masizi membamba yanayopenya hadi ndani kabisa ya mapafu, na nyaya, mabomba na ngozi bandia zenye klorini hutoa sumu za daioksini, ambazo hukaa katika mazingira miaka mingi. Moshi huo huwafikia kwanza watoto wa nyumba iliyochoma, kisha majirani. Majani makavu ambayo watu huyachoma kila asubuhi ndiyo hasa yanayohitajika kwenye boksi la mboji.

Mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku Tanzania Bara tangu tarehe 1 Juni 2019, na Kenya ilikuwa imefanya hivyo tarehe 28 Agosti 2017. Katazo hilo la Tanzania halikugusa vifungashio vya bidhaa, na baadhi ya wafanyabiashara wameyageuza mafuko laini ya vifungashio kuwa mifuko ya kubebea. Mnunuzi anayekwenda gengeni na kikapu chake anauondoa mfuko huo mtaroni kabla haujaingia.

Fedha na mzoaji

Ulizeni kwanza kama halmashauri imekwisha kumpa mzabuni eneo lenu. Kama yupo, makubaliano yafanywe naye, si pembeni yake. Palipo na vichochoro ambavyo gari haliingii, guta au mkokoteni utoe taka hadi mahali gari linaposimama. Makubaliano yataje siku, kiasi cha ada, na mahali taka zitakapopelekwa. Hilo la mwisho ndilo linalosahaulika. Mtu wa mkokoteni anayetoza nusu ya bei ya wenzake na kuondoka na viroba vyenu usiku hafiki dampo la Pugu Kinyamwezi. Anaishia kwenye korongo la karibu, na mtakuwa mmelipia kuuchafua mto uleule mnaoutetea.

Fedha zishikwe na watu wawili, na hesabu ya kila mwezi ibandikwe ofisini hata kama ni ya mistari mitano tu. Nimeona vikundi vyenye nia njema vikivunjika ndani ya muda mfupi kwa sababu hakuna aliyeweza kueleza fedha za viroba zilikwenda wapi, na wakazi wakishavunjika moyo namna hiyo, kuwarudisha ni kazi ngumu. Nyumba isiyo na uwezo wa kulipa ijadiliwe wazi na ipewe njia nyingine ya kuchangia, kwa sababu ikiachwa nje ya mpango taka zake bado zitaingia mtaroni.

Siku ya kuzibua

Jumamosi ya mwisho wa mwezi imezoeleka Tanzania kuwa siku ya usafi, na nchini Rwanda siku hiyohiyo ndiyo ya umuganda, yaani kazi za pamoja za jamii. Itumieni. Mtaro uzibuliwe kuanzia upande wa chini kwenda juu, ili maji yaliyotuama yanapofunguliwa yakute njia. Ukianzia juu, maji yatafurika kwenye nyumba za mtaro ulioziba chini. Wanaoingia ndani wavae buti na glavu. Mwenye kidonda asiingie, na watoto wasiingie kabisa, kwa kuwa mkojo wa panya uliomo kwenye tope unaweza kuleta homa ya mgunda.

Kosa linalorudiwa kila mahali ni kulitoa tope, kulipanga kwa mafungu pembezoni mwa mtaro, kupiga picha na kuondoka. Mvua ya kwanza hulirudisha lote. Gari la kubeba tope litafutwe na kulipiwa kabla koleo la kwanza halijaingia mtaroni. Tope liachwe likauke siku moja au mbili, kisha liondolewe. Kama gari halijapatikana, ni afadhali kuahirisha na kuokota taka ngumu peke yake siku hiyo.

Maji yanayotuama yana hatari nyingine. Mbu wa Culex, ambao hueneza matende, huzaliana katika maji machafu ya mitaro iliyoziba, ilhali Aedes, anayeeneza homa ya dengi iliyolikumba jiji la Dar es Salaam mwaka 2014 na tena 2019, hupenda maji yaliyokaa katika makopo, vifuu na matairi. Kwa hiyo siku ya usafi isiishie mtaroni. Iingie pia uani.

Majitaka

Kutapisha choo wakati wa mvua, yaani kuyafungulia majitaka yake yachukuliwe na maji ya mvua, ni kosa kisheria na ni hatari kwa kila aliye chini yako. Kipindupindu kilicholipuka Dar es Salaam mwezi Agosti 2015 kilienea hadi mikoa mingine mingi, na ugonjwa huo husafiri kwa njia hii hii ya kinyesi kuingia katika maji. Wenye vyoo vilivyojaa waungane watatu au wanne, wakodi gari la majitaka siku moja na kugawana gharama, huku wakihakikisha linakwenda kumwaga kwenye mabwawa yanayokubalika, kama yale ya Vingunguti. Mahali gari lisipofika, ulizeni kuhusu watoa huduma wanaotumia pampu ndogo na madumu. Kisima kisichimbwe karibu na choo; kipimo kinachotumiwa sana ni angalau mita 30.

Wenye biashara na wachafuzi wakubwa

Gereji, machinjio, kiwanda kidogo cha batiki na sehemu ya kuoshea magari vinaweza kuuchafua mtaro kwa siku moja kuliko nyumba zote kwa mwezi. Mwaliko wa kwanza uwe wa mazungumzo: oili chafu iwekwe kwenye madumu na kupewa wanaoikusanya, damu na kinyesi cha mifugo visiingie mtaroni. Asiposikia, andikeni. Barua itaje tarehe, saa, mahali, kilichomwagwa na rangi au harufu yake, iambatanishwe na picha, na isainiwe na wakazi wengi badala ya mmoja, ili asije akaandamwa peke yake. Nakala ziende kwa mtendaji wa mtaa, kwa kata, kwa idara ya halmashauri inayohusika na usafi, na kwa Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira, yaani NEMC. Kila nakala ipokelewe kwa muhuri, na nakala yenu ihifadhiwe. Sheria inatambua kwamba anayechafua ndiye anayepaswa kulipa, na inaruhusu mchafuzi kuamriwa kuyarejesha mazingira katika hali yake.

Msidhani kwamba barua ya wakazi haina nguvu. Mwaka 1988, wakati sheria hiyo haijatungwa, wakazi wa Tabata waliishtaki Halmashauri ya Jiji la Dar es Salaam katika Mahakama Kuu kwa sababu ya jalala lililokuwa likiwaletea moshi na uvundo. Mahakama iliamuru jalala hilo lisitumike tena hapo. Jiji lilirudi mahakamani zaidi ya mara moja kuomba liongezewe muda, na Jaji Lugakingira hatimaye akakataa kuendelea kuuongeza. Wakazi hao walishinda kwa sababu walikwenda wakiwa pamoja na hawakuchoka.

Mtaa wa juu na mtaa wa chini

Hatua ya mwisho ni kuvuka mpaka. Viongozi wa mtaa yanakotoka maji na wa mtaa yanakokwenda maji waalikwe kuutembea mtaro pamoja nanyi, waone kwa macho yao kalvati ya mpakani, ambayo kwa kawaida ndiyo chafu kuliko zote kwa kuwa kila upande huiona ni ya mwenzake. Kubalianeni nani anaizibua na kwa zamu gani. Kingo za mto zenyewe ziachwe na nyasi na miti. Shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingoni zimezuiwa na sheria, na ofisa mazingira wa halmashauri ndiye wa kuulizwa pale ambapo watu tayari wanalima au wamejenga.

Ratiba ya mitaa yote ifuate mvua. Masika huja kati ya Machi na Mei, na vuli kati ya Oktoba na Desemba, kwa hiyo uzibuaji mkubwa ufanyike mwezi Februari na mwezi Septemba, ukianzia mtaa wa chini na kupanda juu wikendi baada ya wikendi. Wiki moja kabla ya kila uzibuaji, wale watu wanne au watano wachukue daftari lao na kuutembea mtaro tena.